Injini Yenye Kigugumizi: Tafuta Hewa ya Wizi Kabla ya Kununua Kabureta

Somo kwa wenye pikapu na malori madogo ya zamani



Jina Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Mizigo haijaisha Kariokor. Siku hizi mboga kutoka Marikiti, makaa ya wachoma nyama, viondo na ngozi za kushonea viatu huletwa na kupelekwa kwa pikapu, na nyingi kati ya pikapu hizo zimekwisha kutumika miaka mingi. Wenye magari hayo wana malalamiko moja yanayorudi kila mara: "Injini inamisi. Ikisimama kwenye taa za barabarani inatetemeka, halafu inazima."

Mara nyingi mwenye gari huanza kwa kununua. Atabadilisha plagi, kisha waya za plagi, kisha ataenda Kirinyaga Road kutafuta kabureta nyingine. Fedha zinakwisha, kigugumizi kinabaki. Baadaye hugundulika kwamba kosa lilikuwa mpira mmoja uliopasuka nyuma ya injini, kipande kidogo ambacho bei yake hailingani hata kidogo na ile ya kabureta.

Somo hili linakufundisha kupima kabla ya kununua. Fedha siyo sababu ya pekee. Mvuto wa hewa unaopotea kwenye mpira huo ndio huo huo unaotia nguvu breki za pikapu yako. Injini yenye kigugumizi inaweza kuwa onyo kwamba gari halitasimama unapotaka lisimame.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini hewa inayovuja huifanya injini itetemeke.
2. Kutofautisha kosa la hewa, la mafuta na la moto wa plagi.
3. Kutafuta mahali hewa inapoingilia bila kuhatarisha maisha.
4. Kupima kama breki zako zinapata mvuto wa kutosha.

Injini hupumuaje?

Petroli haiwaki peke yake. Inahitaji hewa, na kwa kipimo. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji takriban sehemu 15 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo. Pistoni zinaposhuka huvuta hewa kupitia kwenye kabureta, hewa hiyo huchukua petroli, na vyote viwili hupita kwenye manifoldi kuingia ndani ya silinda. Mvuto huo ndio mafundi huuita vakyumu.

Sasa, ikiwa kuna ufa au gasketi iliyochoka mahali popote baada ya kabureta, injini huvuta hewa nyingine kupitia hapo. Hewa hii haikupimwa na haikuchukua petroli. Tuiite hewa ya wizi. Mchanganyiko hupungukiwa na petroli, silinda nyingine hushindwa kuwaka kila zamu, na injini hugugumia.

Kigugumizi cha namna hii huwa kikali zaidi gari likiwa limesimama, mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta. Wakati huo mlango wa kabureta umekaribia kufungwa kabisa. Injini inatumia hewa kidogo tu na mvuto kwenye manifoldi ni mkubwa. Tundu dogo linaweza kuingiza hewa nyingi ikilinganishwa na ile iliyopimwa. Ukikanyaga mafuta, mlango hufunguka, hewa nyingi hupita njia yake ya halali, na ile ya wizi huonekana kidogo. Ndiyo maana dereva husema, "Barabarani inaenda vizuri, shida ni ikisimama."

Kwanza sikiliza: kigugumizi kinatokea lini?

Kabla ya kufungua boneti, jibu swali hili. Jibu lake hukuondolea nusu ya kazi.

- Gari likiwa limesimama tu, na hutulia ukikanyaga mafuta: shuku hewa ya wizi kwanza.
- Likipanda mlima au likiwa na mzigo, lakini likisimama liko sawa: shuku mafuta, yaani chujio lililoziba au pampu dhaifu. Plagi zenye moto hafifu pia huonyesha dalili hii.
- Wakati wote, kwa mapigo yanayorudi sawasawa: huenda silinda moja haifanyi kazi. Angalia plagi yake, waya wake, au vali iliyoungua.
- Asubuhi ya mvua au baada ya kuosha injini: shuku unyevu kwenye kifuniko cha distribyuta na waya za plagi.
- Asubuhi tu injini ikiwa baridi, kisha hutulia: angalia choki. Huenda pia ni gasketi inayoziba vyuma vikishapata moto na kutanuka.
- Unapokanyaga breki: shuku busta ya breki au mpira wake. Usiendelee kuliendesha gari hilo hadi lipimwe.

Kama gari lako la petroli linatumia sindano za mafuta badala ya kabureta, hewa ya wizi inaweza kujitokeza kwa namna nyingine: injini hupanda na kushuka yenyewe, au hunguruma juu hata bila kukanyagwa.

Usalama kabla ya kazi

Fanya kazi mahali pa wazi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, haionekani na haina harufu, nayo huua katika karakana iliyofungwa. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na uweke jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu. Vua tai, shanga na leso. Funga nywele ndefu. Feni na mkanda wake havina huruma.

Kuna desturi ya kumwagia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini inayonguruma ili kusikia mahali inapovutwa. Usiifanye. Waya mmoja wa plagi uliochubuka ukirusha cheche, au petroli ikigusa ekzosi yenye moto, utakuwa umewasha gari, na katika karakana zilizobanana moto huo hautaishia kwako. Maji yanatosha kwa kazi hii, kama utakavyoona. Weka mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga karibu, watoto wawe mbali, na sigara izimwe. Moto ukikushinda, piga 999 au 112.

Hatua za kutafuta hewa ya wizi

*Hatua ya 1: Angalia na ushike, injini ikiwa imezimwa na imepoa.* Fuata kila mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi na kabureta hadi mwisho wake. Kwa kawaida utakuta unaoenda kwenye distribyuta, unaoenda kwenye vali ya kupumulia injini, na mmoja mnene unaoenda kwenye busta ya breki. Kunja kila mmoja taratibu. Mpira ulio mzima hukunjika na kurudi. Uliozeeka huwa mgumu kama plastiki, au huonyesha nyufa ndogo unapokunjwa. Angalia miisho zaidi, kwa sababu ndipo unapopasukia. Tazama pia vijibomba vilivyoachwa wazi, hasa kwenye gari lililobadilishiwa injini au kabureta: kila kijibomba kisicho na kazi lazima kizibwe.

*Hatua ya 2: Sikiliza.* Washa injini iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Chukua mpira mtupu wa urefu wa mita moja hivi, weka mwisho mmoja sikioni na upitishe mwisho wa pili karibu na viungo vyote, mbali na feni. Hewa inayovutwa hupiga mluzi au husikika kama nyoka anayetishia.

*Hatua ya 3: Bana.* Kwa koleo lililofungwa kitambaa ili lisikate, bana mpira mmoja mmoja karibu na manifoldi, kisha achilia. Ukiubana mpira fulani na injini ikatulia ghafla, hewa inaingilia kwenye mpira huo au kwenye kifaa unachokwenda. Vali ya kupumulia injini ni ya pekee kidogo: kwa kawaida hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo mabadiliko madogo hapo siyo kosa. Ichomoe injini ikiwa imezimwa na uitikise. Ikigonga ndani, huenda bado ni nzima. Ikikaa kimya, imekwama kwa uchafu.

*Hatua ya 4: Nyunyiza maji.* Tia maji safi kwenye chupa ya kunyunyizia. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza kidogo kidogo mahali manifoldi inapokutana na injini, silinda moja baada ya nyingine, kisha chini ya kabureta. Maji yakivutwa kwenye ufa huuziba kwa sekunde chache, na sauti ya injini hubadilika. Rudia mahali pale pale mara tatu. Sauti ikibadilika mara zote tatu, umepata mahali. Usilowanishe distribyuta wala waya za plagi, na usielekeze maji kwenye ekzosi yenye moto, kwa maana chuma chake kinaweza kupasuka.

Jipime breki

Hatua hii ifanywe na kila mwenye gari la breki za busta, hata kama injini yake haina kigugumizi.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedeli iwe ngumu. Usiondoe mguu. Washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta haipati mvuto, au imeharibika.

Kisha iache injini ingurume dakika moja na uizime. Kanyaga breki. Unapaswa kupata mikanyago miwili au mitatu myepesi kabla pedeli haijawa ngumu. Ikiwa ngumu mara ya kwanza, mvuto hauhifadhiwi. Angalia mpira mnene na vali yake, ambayo kazi yake ni kupitisha hewa upande mmoja tu.

Mwisho, injini ikinguruma, kanyaga breki na usikilize. Ukisikia mluzi unaoendelea chini ya dashibodi na injini ikaanza kugugumia, kiwambo cha ndani ya busta kimetoboka. Breki bado zipo, lakini zitahitaji nguvu nyingi za mguu. Fikiria ukiwa na gunia 15 za viazi ukishuka kutoka Limuru asubuhi yenye ukungu. Gari la namna hii halifai kubeba mzigo wala abiria hadi litengenezwe.

Geji ya vakyumu na mwinuko wa Nairobi

Fundi mwenye geji ya vakyumu atakupa jibu kwa haraka, lakini ni lazima asome geji kwa hesabu ya Nairobi. Vitabu vingi vya magari husema injini nzima inayonguruma bila kukanyagwa huonyesha kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 unazopanda, geji hushuka kwa takriban inchi 1. Katikati ya Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo toa inchi 5 hivi. Injini nzima hapa Kariokor huenda ikaonyesha 12 hadi 17 na isiwe na kosa lolote. Usikubali injini yako ihukumiwe kwa kipimo cha Mombasa.

Angalia pia mwendo wa mshale. Ukitulia chini ya kiwango, inaweza kuwa hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa. Ukishuka na kurudi kwa mapigo sawasawa, tafuta vali iliyoungua au plagi isiyowaka.

Plagi huzungumza

Zima injini, ngoja ipoe, kisha fungua plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi mno, na ulowevu wa oili waonyesha oili inayopenya. Weupe kama chokaa waonyesha petroli kidogo au hewa nyingi.

Chukua mfano wa Toyota Hilux ya injini ya 22R, yenye kabureta, silinda 4 na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,366. Tuseme plagi tatu ni za kahawia na ya nne ni nyeupe. Kabureta hulisha silinda zote nne. Ingekuwa ndiyo mbovu, plagi zote zingebadilika rangi. Weupe wa plagi moja unakuambia hewa inaingia karibu na silinda hiyo, na kwa kawaida ni gasketi ya manifoldi mahali hapo. Nyunyiza maji hapo uthibitishe. Ingekuwa zote nne ni nyeupe, ungeangalia mahali pa wote: chini ya kabureta, mpira wa busta, au chujio la mafuta.

Usifanye kosa la kuficha ugonjwa. Watu wengine huongeza petroli kwa kuzungusha skrubu za kabureta hadi injini itulie. Injini itatulia, lakini itakunywa mafuta, itatoa moshi, na ule ufa utaendelea kupanuka. Na silinda inayokosa petroli kwa muda mrefu hupata joto kali hadi vali yake ya ekzosi iungue. Hapo utafungua kichwa cha injini kwa sababu ya mpira mmoja.

Kurekebisha

Nunua mpira unaostahimili mafuta na joto, wenye ukuta mnene usiojifinya unapovutwa. Mpira wa bustani hautafaa. Kipande cha tyubu kilichofungwa juu ya ufa kinaweza kukufikisha nyumbani, lakini si matengenezo, na kisitumike kamwe kwenye mpira wa breki. Kama ni miisho tu iliyopasuka na mpira una urefu wa kutosha, kata sehemu mbovu na uurudishe kwa klipu.

Kwa gasketi, jaribu kwanza kukaza nati injini ikiwa baridi, ukianzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Alumini huchanika nyuzi upesi. Kukaza kusiposaidia, badilisha gasketi na usafishe nyuso zote mbili. Petroli na oili chafu visimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya upande huu huishia Mto Nairobi.

Vipi kuhusu dizeli?

Injini ya kawaida ya dizeli haina mvuto huu wa manifoldi, kwa hiyo somo la maji halihusiki. Lakini nayo hugugumia kwa hewa: ile inayoingia kwenye paipu ya mafuta. Dalili zake ni kuwaka kwa shida asubuhi, kugugumia, kisha kuzima. Kagua viungo kutoka tangi hadi pampu, pamoja na kifuniko cha chujio. Kipande cha paipu kinachopenya mwanga, kikiwekwa kwa muda kabla ya pampu, kitaonyesha viputo. Ukikaza viungo, toa hewa kwa pampu ya mkono.

Breki za busta kwenye dizeli ndogo hupata mvuto kutoka pampu maalumu. Kwenye baadhi ya injini, kama 4JB1 ya Isuzu, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Fundi akibadilisha altaneta, hakikisha mpira wa vakyumu na paipu za oili zimerudishwa, kisha ujipime breki kabla ya kutoka.

Ukienda kwa fundi

Mweleze kigugumizi kinatokea lini, umebana mpira gani, na plagi zina rangi gani. Mwombe akuonyeshe kosa kabla ya kununua kipuri, akurudishie kile cha zamani, na akupe risiti. Fundi mzuri hufurahia mteja anayejua dalili za gari lake.

Maswali ya kujipima

1. Pikapu hutetemeka ikisimama lakini hupanda mlima bila shida. Utaanza wapi?
2. Plagi ya silinda ya pili pekee ni nyeupe. Je, ununue kabureta?
3. Geji inaonyesha inchi 14 na mshale umetulia. Injini ni mbovu?
4. Unawasha injini mguu ukiwa kwenye breki, na pedeli haishuki. Utafanya nini?

*Majibu:* (1) Kwa mipira na gasketi za upande wa kuingiza hewa. (2) Hapana, kagua gasketi ya manifoldi karibu na silinda hiyo. (3) Si lazima. Kwa mwinuko wa Nairobi hicho ni kiwango cha kawaida. (4) Usibebe mzigo wala abiria. Kagua mpira wa busta, vali yake na busta yenyewe kwanza.

Kata ukurasa huu uuweke garini. Jumapili moja asubuhi, kabla injini haijapata moto, kunja ile mipira mmoja mmoja.